Taji ni Mkataba, na Binti wa Homa Bay Anastahili Kuusoma

Taji kubwa la kwanza la kimataifa kuvaliwa na Mkenya halikuvishwa usiku wa fainali. Winfred Omwakwe alipanda jukwaani jijini Manila, Ufilipino, Oktoba 29, 2002, kuwania Miss Earth, akamaliza wa pili nyuma ya Džejla Glavović wa Bosnia na Herzegovina. Mwezi Mei mwaka uliofuata, waandaaji walitangaza kwamba mshindi ameshindwa kutimiza masharti ya mkataba wake. Wakamvua taji, likaja kwa Mkenya. Ndivyo Omwakwe alivyokuwa Mwafrika wa kwanza kuitwa Miss Earth, katika shindano ambalo wakati huo lilikuwa limefanyika mara mbili tu.

Mwaka 2016 mambo yalijirudia, safari hii hapa nyumbani. Roshanara Ebrahim alikuwa ametawazwa Miss World Kenya. Kabla hajasafiri kwenda kwenye fainali ya dunia, picha zake za faragha ziliwafikia waandaaji kupitia mtu aliyewahi kuwa karibu naye, na taji likachukuliwa. Nafasi ikaenda kwa Evelyn Njambi, ambaye Desemba mwaka huo aliingia tano bora za dunia huko Marekani na kutangazwa malkia wa Afrika. Ebrahim naye alikwenda Mahakama Kuu. Jaji John Mativo aliamua kwamba haki yake ya faragha, inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, ilikuwa imekiukwa, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 1. Taji halikurudi. Ilimbidi asubiri hadi 2021 ndipo aiwakilishe nchi kwenye jukwaa jingine, la Miss Universe.

Kwa hiyo matokeo mawili kati ya makubwa kabisa ambayo Kenya imewahi kupata yalipitia mlango mmoja: taji lililomtoka mwingine kwa sababu ya masharti. Yapo yaliyopatikana kwa njia ya kawaida. Mary Esther Were aliingia sita bora za Miss Universe Januari 2017, na Novemba mwaka huohuo Magline Jeruto akafika tano bora za Miss World huko Sanya, China. Lakini hadithi ya Omwakwe na ya Njambi ndizo zinazofundisha zaidi. Watu huzisimulia kama habari za nyota ya mtu. Nyota huenda ilikuwepo. Kilichoamua ni karatasi yenye vifungu na saini, na aliyeiandika alilijua kila neno lililomo. Swali linalopaswa kuulizwa leo Homa Bay na Migori, ambako mabinti hupanda majukwaani wakiwa na jina la kaunti begani, ni kama anayetia saini naye huwa amesoma.

Shindano la kaunti lina sura yake. Ni ukumbi wa hoteli mjini Homa Bay, upepo wa ziwa ukiingia madirishani, au ni ukumbi mjini Migori, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Isebania. Binti ametoka Ndhiwa, Mbita, Rongo au Kehancha. Amelipa ada ya usajili, ameazima gauni, na kwa majuma kadhaa amejifunza kutembea kwa viatu virefu kwenye sakafu ya sebule ya shangazi. Akiulizwa atafanya nini akishinda, jibu analo tayari: atautangaza utalii wa kaunti. Wa Migori atautaja ukuta wa mawe wa Thimlich Ohinga, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Wa Homa Bay ataitaja Mbuga ya Ruma na swala wake wa aina ya korongo, Ziwa Simbi Nyaima kule Kendu Bay, michoro ya miambani ya Mfangano, au kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga.

Vivutio hivyo ni vya kweli na vinastahili kutangazwa. Ila binti haambiwi atavitangaza kwa nauli ya nani. Haambiwi zawadi iliyosomwa kwa kipaza sauti italipwa lini, picha zilizopigwa usiku huo ni mali ya nani, wala ni nani atakayelipia chumba chake akiitwa Nairobi kwenye mchujo wa taifa. Mara nyingi ushindi wenyewe huhesabiwa kwa sehemu kutokana na kura zinazolipiwa kwa simu, shilingi kwa shilingi. Ndugu, jamaa na wanachuo wenzake huchangishana, na hesabu ya fedha hizo haisomwi hadharani. Familia yenye ng'ombe wawili inaweza kujikuta imegharamia usiku mzima wa biashara ya mtu mwingine.

Historia ya mashindano haya duniani inaonyesha kwamba biashara ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Miss World ilianzishwa London mwaka 1951 na Eric Morley, mtu wa kampuni ya kumbi za dansi, aliyetaka kivutio cha kuleta watu wakati wa tamasha kubwa la taifa la Uingereza. Kiki Håkansson wa Sweden alishinda na akavishwa taji akiwa na bikini. Morley hakukusudia liwe jambo la kila mwaka, lakini lilipouza magazeti na tiketi alilirudia, na mwaka 1959 likaingia kwenye televisheni ya BBC. Kenya ilituma mshiriki wake wa kwanza mwaka 1960, ikiwa bado koloni, kabla wananchi wengi hawajapewa hata haki ya kupiga kura katika nchi yao.

Na tangu zamani hizo, taji limekuwa na kamba. Marjorie Wallace wa Marekani, mshindi wa 1973, alinyang'anywa baada ya miezi michache kwa sababu waandaaji hawakupendezwa na habari za mapenzi yake magazetini. Helen Morgan wa Uingereza alishinda mwaka 1974 akajiuzulu siku nne baadaye, ilipotangazwa kwamba ana mtoto na hajaolewa. Gabriella Brum wa Ujerumani alilivua mwaka 1980 hata siku haijaisha. Kila mmoja wao aligundua kwamba alichopokea kilikuwa kazi yenye mwajiri, na mwajiri alikuwa na maoni kuhusu nyumba yake, mtoto wake na mpenzi wake.

Mwaka 1970 pia haupaswi kupitwa hivihivi. Usiku wa fainali katika ukumbi wa Royal Albert Hall, wanawake wa harakati za ukombozi walirusha unga na makaratasi, mchekeshaji Bob Hope akalikimbia jukwaa. Walisema wanawake wanapangwa kama mifugo mnadani. Usiku huohuo Jennifer Hosten wa Grenada akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Miss World, na wa pili akawa Pearl Jansen, binti mweusi wa Afrika Kusini aliyeingizwa na utepe wake wa pembeni kwa sababu serikali ya ubaguzi ilikuwa imemtuma mzungu kuiwakilisha nchi. Waliopinga walikuwa na hoja. Hosten na Jansen nao walikuwa na hoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza mamilioni ya watoto weusi waliona ngozi yao ikiitwa nzuri mbele ya dunia. Palikuwa na jambo la tatu ambalo halisemwi sana: Eric Gairy, kiongozi wa serikali ya Grenada, alikuwa miongoni mwa majaji. Hosten alistahili ushindi wake bila kivuli hicho, na aliyekiweka hapo ni mwandaaji. Mtu aliyeketi kwenye meza ya majaji Homa Bay akiwa binamu ya mfadhili anamfanyia mshindi wake dhuluma ileile.

Kwa watu wa kando ya ziwa, kumsifu binti mbele ya umma hakukuja na Morley. Mjaluo humtambulisha mwanamke kwa mahali alikotoka: nyar (binti wa) Kabuoch, nyar Kanyamkago, nyar Karachuonyo. Jina hilo humfuata hata akiolewa mbali, na ndani yake mna ukoo, mto na mashamba. Kwenye dansi ya benga kuna pakruok, ambapo mtu hulipa mwanamuziki asimamishe wimbo ili ajisifu, au amsifu ampendaye. Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka walijenga sehemu kubwa ya umaarufu wao kwa nyimbo za kuwasifu wanawake kwa majina. Helena alisifiwa kwa macho yake makubwa, na hadi leo, karibu miaka 30 baada ya mwanamuziki huyo kufariki mwaka 1997, wimbo huo ukipigwa watu husimama. Wanawake wa ngoma ya dodo nao walivaa sketi za mkonge na shanga, wakajitungia nyimbo na kujisifu wenyewe bila jaji. Upande wa Kuria, wachezaji hupanda juu ya viatu vizito vya mbao, na uzuri hupimwa kwa nguvu ya kuvibeba.

Utepe wenye maandishi ya jina la kaunti, kwa hiyo, unapokelewa kwa moyo kuliko waandaaji wa Nairobi wanavyodhani. Binti anayeupokea ameitwa nyar mbele ya watu wake. Akiupoteza kwa fedheha, fedheha haibaki kwake peke yake. Inaingia nyumbani kwa baba yake na kwa mamake mdogo sokoni. Hii ndiyo sababu makala haya hayakubali hoja kwamba mikataba ya urembo ni mambo madogo ya wasichana.

Watu wa ufuoni wanaielewa hatari ya makubaliano yasiyoandikwa kuliko wanasheria. Katika fuo za Homa Bay na Migori, tangu miaka mingi, kuna mtindo uitwao jaboya: mwanamke anayechuuza samaki hulazimika kumpa mvuvi mwili wake, pamoja na fedha, ndipo auziwe samaki siku za uhaba. Hakuna bei iliyoandikwa. Mwenye mashua ndiye mwenye samaki, na asiye na mashua hana la kusema. Matokeo yake yanajulikana. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika Kaunti ya Homa Bay alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kabisa nchini wakati huo. Kule Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake walipopata mashua zao wenyewe, mazungumzo ya ufuoni yalibadilika, kwa kuwa sasa mvuvi ndiye aliyekuwa akitafuta kazi kwao.

Taji nalo lina mwenye mashua. Ni yule mwenye haki ya kuandaa shindano, anayejua tarehe za mchujo wa taifa, mwenye simu ya mfadhili, anayeweza kusema jina fulani liingie au litoke. Waandaaji wengi wanafanya kazi yao kwa heshima na hasara za mfukoni. Lakini popote ambapo bei haijaandikwa na anayetaka ni binti wa miaka 19 asiye na nauli ya kurudi kwao, mlango wa jaboya uko wazi. Anayeufunga ni mkataba uliosomwa mchana, mzazi au dada mkubwa akiwapo, wiki kadhaa kabla ya muziki kuanza.

Kuna kifungu kimoja ambacho kinazigusa kaunti hizi mbili kuliko nyingine nyingi. Mwaka 2018 Veronika Didusenko alivuliwa taji la Ukraine kwa sababu ana mtoto, naye akaishtaki Miss World akisema sharti la kuwafungia nje akina mama ni ubaguzi. Miss Universe ilichukua njia nyingine: tangu shindano la 2023 wanaruhusiwa walioolewa na wenye watoto, na kuanzia 2024 kikomo cha juu cha umri kimeondolewa. Sasa weka jambo hilo kando ya takwimu za nyumbani. Utafiti wa Afya na Demografia wa Kenya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Homa Bay ni asilimia 23. Migori ni asilimia 23. Wakati binti wa huku anapofikisha umri wa kushindana, wenzake wengi wa darasani tayari ni mama, na baadhi yao walipata mimba hizo bila kuulizwa.

Shindano la kaunti linaloiga sharti la kuwafukuza wenye watoto linaufunga mlango mbele ya mtu ambaye angekuwa na mengi ya kusema kuliko wote. Mama wa miaka 20 aliyerudi shule Oyugis, anayemwachia bibi mtoto ili akafanye mtihani, ana habari ambayo hakuna mwelekezi wa jukwaa anayeweza kumfundisha mwenzake. Kaunti hazifungwi na kanuni za London katika shindano linalofanyika kwa jina lao. Zinaweza kuliondoa sharti hilo kesho.

Jirani wa ziwa ametuonyesha faida ya kuanza na tatizo la nyumbani. Quiin Abenakyo wa Uganda alitangazwa malkia wa Afrika wa Miss World mwaka 2018, na kazi aliyokwenda nayo Sanya ilikuwa ya kupambana na mimba za utotoni kwao Busoga, upande wa kaskazini wa ziwa hilihili. Aliporudi, Rais Museveni alimpokea na kumpongeza, kisha akazungumzia nywele zake za kubandika, na kwa siku kadhaa nchi ikajadili nywele. Lilikuwa jambo la kusikitisha. Mabinti wa Busoga walistahili siku hizo. Hata hivyo, kazi ilifika mbali kwa sababu alianza na tatizo alilolijua kijijini, kabla ya kuwaza taji.

Flaviana Matata wa Tanzania ni mfano mwingine, na wake unagusa maji yenyewe. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Mama yake Flaviana alikuwa mmoja wao. Binti huyo alikua, akashinda Miss Universe Tanzania 2007, akaenda Mexico akiwa amenyoa kipara na kuingia kumi bora. Baadaye aliunda taasisi ya kusomesha wasichana, na katika kumbukumbu ya ajali hiyo akatoa maboya ya kujiokolea kwa vyombo vya ziwani. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka kutoka Mbita kwenda Mfangano kwa mashua iliyojaa, mawimbi yakigonga ubao, bila boya la kuvaa, hahitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo ni kubwa kuliko hotuba mia za utalii.

Migori nayo ina kazi zinazomsubiri mtu mwenye sauti. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kuanzia Macalder, wanawake hukoroga mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, watoto wakiwa mgongoni, na mabaki huteremka mitoni. Kenya imejiunga na Mkataba wa Minamata unaolenga kuondoa zebaki, lakini mkataba huo haujafika kwenye karai. Miss Earth, shindano lililompa Omwakwe taji, lilianzishwa Manila mwaka 2001 likiweka mazingira mbele ya mambo mengine. Ni ajabu kwamba nchi iliyowahi kuwa na Miss Earth haijaifanya zebaki, magugumaji ya Ghuba ya Winam au mmomonyoko wa Gwassi kuwa swali la kwanza kwenye meza ya majaji wa huku.

Kisha kuna Kuria, katika kaunti hiyohiyo ya Migori. Katika mwaka wa korona, 2020, mabinti wengi walikeketwa na kutembezwa barabarani mchana kweupe, wakiimbiwa na kutunzwa fedha, ingawa sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imetimiza miaka 9. Lile nalo lilikuwa jukwaa. Binti alipambwa, akasifiwa kwa jina, akapewa zawadi mbele ya umma, na kilichochukuliwa kwake hakirudishwi. Anayetaka kumpa binti wa Kuria jukwaa lingine lazima alitengeneze liwe salama kweli, vinginevyo amemtoa kwenye mikono ya wazee na kumweka kwenye mikono ya wageni.

Kuna watakaosema dawa ni kuyafuta mashindano haya kabisa. Wachungaji wengi husema hivyo, na wazazi wengi huko Rachuonyo na Suna wanawaunga mkono. Tanzania ilijaribu. Theresa Shayo alikuwa Miss Tanzania 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, kisha shindano likapigwa marufuku kwa kuwa halikuendana na Ujamaa, na halikurudi hadi 1994 aliposhinda Aina Maeda. Marufuku ya miaka zaidi ya 25 haikuacha kanuni yoyote nyuma yake. Ndiyo maana mwaka 2014, mshindi alipolivua taji katikati ya mabishano makali kuhusu umri wake na Lilian Kamazima akapokea nafasi, Baraza la Sanaa la Taifa lilijikuta likitumia dawa ileile ya kusimamisha shindano. Cheti cha kuzaliwa kilichokaguliwa mapema kingeokoa heshima ya kila mtu. Kufuta ni rahisi, na huwaacha mabinti wakiendelea kutafutwa na watu wa mitindo, wa matangazo na wa video, bila jukwaa la wazi ambalo mzazi anaweza kukaa na kutazama.

Mamlaka ya kufanya vizuri zaidi yapo, na hayako Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na utalii wa ndani. Hakuna shindano linaloruhusiwa kutumia jina la Homa Bay au Migori, nembo yake au ukumbi wake, ambalo kaunti haiwezi kuliwekea masharti. Idara ya utamaduni inaweza kudai mkataba wa Kiswahili na wa Kidholuo au Kikuria, ukabidhiwe siku 30 kabla ya fainali. Inaweza kudai zawadi ziwekwe benki kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, hesabu za kura za simu zitangazwe, na washiriki walale mahali palipojulikana kwa wazazi wao. Haya hayahitaji bajeti. Bunge la kaunti linaweza kuyapitisha kikao kimoja.

Upande wa picha, sheria imekwishatangulia. Baada ya yaliyompata Ebrahim, Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo Kifungu chake cha 37 kinamwadhibu anayesambaza picha za siri za mtu mwingine kwa faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, inayomtaka anayetumia picha ya mtu kibiashara awe na ridhaa yake. Mkataba wa shindano unaosema picha zote ni za mwandaaji milele, popote na kwa matumizi yoyote, unapaswa kurudishwa ukaandikwe upya. Na mkataba unaomvua binti taji kwa sababu mtu mwingine amemwonea unamwadhibu mwathiriwa. Kifungu cha namna hiyo hakina nafasi katika shindano lenye jina la kaunti ya umma.

Wapo waliokwisha kuvaa mataji ya kaunti hizi miaka iliyopita, na wengi wao sasa ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara, mama wa familia. Wanajua ni nani alilipwa na nani aliahidiwa tu. Kaunti ziwaite waketi meza moja na waandaaji, waseme waliyoyaona, na maneno yao yaingie kwenye kanuni. Hakuna mtaalamu wa kutoka nje atakayewazidi.

Nawe binti unayejiandaa, huko Kosele, Sori, Magunga au Ntimaru: kabla hujatuma ada, omba nakala ya mkataba. Msomee mtu unayemwamini, kwa sauti. Tafuta mahali palipoandikwa mkataba unaisha lini, nani analipa nauli, picha ni za nani, na nini kinafanyika ukitaka kujitoa. Palipo kimya, uliza, na jibu liandikwe. Mwandaaji akikataa kukupa karatasi hiyo, weka ada yako mfukoni urudi nyumbani.